Mwanga unaopima akiba ya ini

Mtoto aliyekulia jikoni kwa bibi anaijua sauti ile: "Taratibu hapo, usipasue nyongo!" Kuku ameshachinjwa na kunyonyolewa, tumbo limefunguliwa, na bibi amesimama nyuma ya mjukuu wake akikitazama kisu. Kifuko kidogo cha kijani kimejibanza chini ya ini. Kikipasuka, nyama yote huwa chungu, na mlo wa watu kumi unaharibika kwa sababu ya mkono mmoja uliokwenda haraka. Ndiyo maana Waswahili wakisema jambo limetumbukia nyongo, hakuna anayeuliza maana yake.

Daktari bingwa wa upasuaji wa ini hufanya kazi yake mahali hapohapo, jirani na kifuko hichohicho, ila aliyelala mbele yake ni mtu. Naye anaiogopa nyongo. Lakini ana hofu nyingine ambayo bibi hakuwa nayo. Bibi alilitoa ini zima akaliweka sufuriani. Daktari ni lazima aondoe sehemu yenye saratani na kuacha sehemu nyingine, na hiyo anayoiacha ndiyo itakayoamua kama mgonjwa ataamka, atakula, atarudi nyumbani kwake.

Je, kilichobaki kinatosha? Kwa miaka mingi jibu la swali hilo lilikuja wakati mgonjwa yuko wodini, siku ya tatu au ya tano, macho yakianza kugeuka manjano na damu ikianza kukataa kuganda. Makala haya yanahusu juhudi za kulipata jibu mapema zaidi, tumbo likiwa bado wazi na kisu kikiwa bado kinaweza kusitishwa. Chombo kinachotumika ni mwanga.

Kiungo chenye akiba

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Kila dakika hupokea takribani lita moja na nusu ya damu, yaani karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Robo tatu ya damu hiyo hufika kupitia mshipa mkubwa unaotoka matumboni, ikiwa imebeba kila tulichokula na kunywa, chema na kibaya. Ini hupokea mzigo huo, huchambua, huhifadhi sukari, huvunja sumu, hutengeneza nyongo, na huunda protini zinazoifanya damu igande mtu anapojikata.

Ukiondoa figo moja, haioti nyingine. Ini lina tabia yake. Mwaka 1931 watafiti wawili wa Marekani, Higgins na Anderson, walieleza namna ya kuondoa theluthi mbili ya ini la panya, na jinsi theluthi iliyobaki inavyonenepa hadi kuukaribia uzito wa ini zima katika muda mfupi. Kwa binadamu nako ni hivyo. Kipande kilichokatwa hakichipui tena, lakini kile kilichoachwa huanza kukua ndani ya siku chache, na baada ya miezi kadhaa huwa kimerudisha sehemu kubwa ya ukubwa uliopotea.

Tatizo liko katika zile siku za mwanzo. Kipande kidogo kinatakiwa kukua na papo hapo kufanya kazi iliyokuwa ya ini zima. Kama hakina nguvu ya kufanya yote mawili, mgonjwa huzama polepole. Kwa hiyo madaktari wamejiwekea mipaka: mwenye ini zima, lisilo na ugonjwa mwingine, abakiwe na angalau asilimia 20 hadi 25 ya ini lake, aliyepitia dawa kali za saratani, asilimia 30, mwenye ini lililojaa makovu, asilimia 40. Huko wodini wanakiita kiasi hicho akiba ya ini, na neno hilo linafaa. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya ini huoza. Virusi vya homa ya ini, pombe ya miaka mingi, mafuta, na sumu za chakula huila taratibu bila mwenyewe kuhisi maumivu.

Hapo ndipo picha za kawaida zinapomwacha daktari njia panda. Picha ya siti skani huonyesha ukubwa wa kipande kitakachobaki, hata kwa mililita. Haisemi kama kipande hicho kinafanya kazi. Mkulima anaelewa jambo hili bila kufundishwa: ekari mbili za mawe hazizidi ekari moja ya udongo mweusi, hata kama kwenye ramani zinaonekana kubwa.

Mwaka 2005 madaktari wa hospitali ya Beaujon, jirani na Paris, walichapisha kanuni iliyopata umaarufu. Ikiwa siku ya tano baada ya upasuaji uwezo wa damu kuganda umeshuka chini ya asilimia 50 ya kawaida, na bilirubini, ile rangi inayoyafanya macho yawe manjano, imepita maikromoli 50 kwa lita, basi hatari ya mgonjwa huyo kufa ilikuwa asilimia 59. Ni kanuni ya maana, kwani inawaambia madaktari nani aangaliwe kwa karibu zaidi. Lakini siku ya tano ni mbali. Kipande kilichokatwa hakirudishwi.

Rangi kutoka kiwanda cha picha

Safari ya kulipata jibu mapema ilianzia mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria ini. Katikati ya miaka ya 1950, maabara za Kodak, kampuni ya Marekani iliyojulikana duniani kwa filamu za kamera, zilitengeneza rangi ya kijani iitwayo indosayanini. Madaktari wa Mayo Clinic, hospitali ya nchini humo, walikuwa wakitafuta rangi ya kuingiza kwenye damu ili wapime kasi ya moyo kuisukuma. Walitaka isomeke vilevile iwe damu imebeba oksijeni nyingi au kidogo, na rangi hiyo ilikidhi haja: hunyonya zaidi mwanga wa karibu nanomita 800, eneo ambalo damu yenye oksijeni na isiyo nayo hazitofautiani. Mwaka 1959 ikaruhusiwa kutumika kwa wagonjwa nchini Marekani. Mpaka leo, katika hospitali nyingi duniani, huitwa kwa herufi tatu tu: ICG.

Kisha ikaonekana tabia yake ya pili. Ikishaingia kwenye mshipa wa mkono, rangi hii hujishikiza kwenye protini za damu na haivuji nje ya mishipa. Figo haziigusi. Ni seli za ini peke yake zinazoikamata, na kuimwaga ndani ya nyongo ikiwa vilevile, bila kuibadilisha. Kwa mtu mwenye afya nusu yake huwa imeondoka kwenye damu ndani ya dakika tatu au nne. Kwa maneno mengine, kasi ya rangi hiyo kupotea ni kasi ya ini kufanya kazi. Ikipimwa baada ya dakika 15, kwa mwenye ini zima huwa imebaki chini ya asilimia 10. Kwa ini lililochoka hubaki asilimia 20, 30, hata 40.

Rangi hiyo ilizaa pia kifaa ambacho karibu kila familia ilikifahamu wakati wa Corona: kile kibanio kidogo cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, alikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 akijaribu kuisoma rangi ya ICG kwa kupitisha mwanga sikioni, bila kuchoma sindano ya kutoa damu. Mapigo ya mshipa yakawa yanamsumbua na kuyumbisha vipimo vyake. Alipokuwa akitafuta njia ya kuyafuta, akatambua kwamba mapigo yenyewe yanabeba habari ya oksijeni. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 1974. Aoyagi alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima ikikigombania kifaa chake. Leo vipo vibanio vya aina hiyo vinavyosoma ICG kidoleni na kumweleza daktari, ndani ya dakika chache, ini linaiondoa rangi kwa kasi gani.

Kanuni ya Tokyo

Japani ilikuwa na sababu ya kuitazama rangi hii kwa makini kuliko wengine. Nchi hiyo ilibeba mzigo mkubwa wa homa ya ini aina ya B na C, na wagonjwa wengi wa saratani ya ini walifika wakiwa tayari na makovu. Ukikata kidogo, saratani inabaki. Ukikata sana, mgonjwa anakufa kwa kukosa ini.

Daktari Masatoshi Makuuchi alitumia maisha yake kuutafuta mstari kati ya makosa hayo mawili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingiza ultrasaundi ndani ya chumba cha upasuaji, akiiweka moja kwa moja juu ya ini ili aione mishipa isiyoonekana kwa macho. Baadaye akawa anachoma rangi ya buluu kwenye tawi la mshipa linalolisha eneo lenye uvimbe, eneo hilo linabadilika rangi, naye anakata kwa kufuata mpaka wake halisi.

Yeye na wenzake pia waliweka mpangilio wa maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kisu. Swali la kwanza: je, tumboni mwa mgonjwa kuna maji yasiyodhibitika? Kama yapo, hakuna kukata. La pili: bilirubini yake ikoje? Ikiwa imepanda sana, hakuna kukata. Akivuka hayo mawili, ndipo ICG inaulizwa. Ikibaki chini ya asilimia 10 baada ya dakika 15, nusu ya kulia ya ini, ambayo ndiyo kubwa, inaweza kuondolewa. Ikiwa kati ya 10 na 19, karibu theluthi. Kati ya 20 na 29, karibu sehemu moja ya sita. Ikifika 30, kipande kidogo tu kinachozunguka uvimbe.

Mwaka 2003 kundi lake la Chuo Kikuu cha Tokyo lilichapisha matokeo ya upasuaji wa ini 1,056 uliofanywa ndani ya miaka minane. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekufa kwa upasuaji huo. Anayejua ini linavyovuja damu, na anayejua idadi ya waliokuwa wakifia mezani vizazi vichache tu nyuma, ataisoma sentensi hiyo mara mbili. Mkono wa daktari ulikuwa hodari, ndiyo. Lakini kabla ya mkono kulikuwa na nidhamu ya kumuuliza kila mgonjwa: ini lako linaweza kubeba kiasi gani?

Taa zinapopunguzwa

Usiku, mtoto akifunika tochi kwa kiganja, vidole vyake hung'aa vyekundu. Mwanga mweupe wote unaingia, lakini nyama na damu hunyonya karibu rangi zote na kuuachia wekundu upite. Ukisogea mbele ya wekundu, hadi kwenye mwanga ambao jicho haliuoni tena, mwili unazidi kuwa wazi kwake. Huo ndio mwanga wa infraredi, na ICG hufanya kazi humo. Ikimulikwa kwa mwanga huo, hujibu kwa kutoa mwanga wake yenyewe, wa mawimbi marefu kidogo, karibu nanomita 830. Jicho halioni chochote. Kamera inaona.

Mwanzoni mwa karne hii kamera za namna hiyo zilipoingia vyumba vya upasuaji vya Japani, jambo lisilotarajiwa likatokea. Wagonjwa wengi walikuwa wamechomwa ICG siku chache kabla, kwa kipimo cha kawaida cha kuandaa upasuaji. Taa kubwa za chumba zilipopunguzwa ili zisiivuruge kamera, uvimbe wa saratani ukawa unang'aa juu ya ini lililotulia gizani. Seli zenye afya zilikuwa zimeshaimwaga rangi kwenye nyongo, ilhali zile za saratani ziliikamata zikashindwa kuitoa. Saratani iliyohamia kutoka utumbo mpana ilionekana kama pete, kwa kuwa iliyobanwa na kung'aa ilikuwa nyama ya ini inayoizunguka. Takeaki Ishizawa na wenzake wa Tokyo waliyachapisha matokeo hayo mwaka 2009, na tangu hapo njia hiyo imesambaa duniani.

Kwa sababu rangi hutoka kupitia nyongo, mirija ya nyongo nayo hung'aa. Daktari anaiona njia ya nyongo kabla hajaikaribia kwa mkasi, na baada ya kukata anaweza kukagua kama kuna mahali panapovuja. Ile tahadhari ya bibi imepata taa yake.

Kuliuliza ini likiwa wazi

Kuona uvimbe na mirija ni msaada mkubwa. Hata hivyo, swali la akiba ni gumu zaidi, kwa sababu upasuaji wenyewe hubadilisha hesabu. Kipimo cha ICG kabla ya upasuaji huliuliza ini zima, pamoja na sehemu itakayoondolewa. Kinachobaki hakijaulizwa peke yake.

Chukua mfano wa mtu anayejitolea nusu ya kulia ya ini lake kwa ndugu yake. Nchini Japani, ambako viungo vya waliofariki ni vichache, ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya upandikizaji. Ini linapogawanywa, mshipa unaotoa damu katika eneo fulani unaweza kubaki upande wa pili. Eneo hilo linaendelea kupata damu inayoingia lakini halina pa kuitolea, kama shamba lenye mfereji wa kuleta maji lisilo na mtaro wa kuyaondoa. Kwenye picha ya siti skani eneo hilo huhesabiwa mililita zake zote. Je, linafanya kazi?

Yoshikuni Kawaguchi na wenzake wa Tokyo walilijibu swali hilo kwa mwanga. Waliingiza ICG wakati wa upasuaji, wakaielekeza kamera juu ya ini, wakapima jinsi mng'ao ulivyopanda katika kila eneo kadiri seli zilivyoivuta rangi. Katika ripoti yao ya mwaka 2013, maeneo yaliyozibwa njia ya kutolea damu yalivuta rangi kwa takribani asilimia 40 tu ya uwezo wa maeneo yaliyo huru. Tuifanye hesabu: eneo la mililita 300 lililozibwa lina thamani ya mililita 120. Pengo hilo linaweza kumtenganisha mtu na maisha. Na kwa kuwa linajulikana mgonjwa akiwa bado mezani, kuna la kufanya. Daktari anaweza kuushona mshipa upya ili kulipa eneo hilo njia yake, au akaamua kwamba akiba inatosha na kumwepusha mgonjwa na saa zaidi za upasuaji.

Wapo waliokwenda mbali zaidi wakafanya majaribio kabla ya kukata. Hubana kwa muda mishipa inayolisha sehemu inayotarajiwa kuondolewa, huchoma ICG, na kusoma kidoleni kasi ya rangi kupotea. Kwa dakika hizo chache mgonjwa anaishi kwa lile ini atakaloishi nalo kesho. Kama kasi ni nzuri, mkono unaendelea. Kama imeanguka, kuna nafasi ya kukata kidogo, au kuahirisha na kulipa ini muda wa kunenepeshwa kwanza.

Njia ya tatu haihitaji sindano yoyote. Kila aliyewahi kuchinja anajua kwamba damu iliyotoka sasa hivi ni nyekundu ya kung'aa, na iliyokaa hugeuka nyeusi. Oksijeni ndiyo inayobadilisha rangi hiyo. Zipo kamera zinazouchambua mwanga unaorudi kutoka juu ya ini katika makumi ya rangi, kuanzia nanomita 500 hadi 1,000, kisha zikachora ramani ya oksijeni ya eneo zima. Hilo lina maana kubwa kwa ini, kwa sababu ya jambo alilolieleza daktari James Hogarth Pringle wa Glasgow mwaka 1908: ili kuzuia damu isimwagike, daktari hubana kwa vidole au kamba mishipa yote inayoingia kwenye ini. Siku hizi hubanwa dakika 15, ikaachiwa tano, na kuendelea hivyo. Kila mara ini hukosa pumzi, kisha damu hurudi kwa kishindo, na kishindo hicho nacho huumiza seli. Kamera hizi zinaweza kuonyesha ni sehemu gani imepata oksijeni yake tena na ipi imechelewa. Watafiti wa Strasbourg, Ufaransa, wamezijaribu kwa nguruwe, wakishirikisha kompyuta katika kutofautisha ini lenye damu na lililonyimwa.

Mwanga una mipaka yake

Ni wajibu kusema kweli yote. Mng'ao wa ICG hauonekani zaidi ya milimita tano hadi kumi chini ya uso wa ini, kwa hiyo uvimbe uliojificha ndani bado unahitaji ultrasaundi na vidole vya daktari. Kwenye ini lenye makovu, vinundu visivyo na saratani vinaweza kung'aa vikamdanganya mtazamaji. Kiasi cha mng'ao hubadilika kamera ikisogezwa karibu au mbali. Rangi yenyewe huwa na ayodini ndani yake, hivyo mwenye mzio wa ayodini lazima aulizwe kwanza. Na kazi ya kugeuza picha hizi kuwa utabiri wa siku zijazo za mgonjwa bado, kwa sehemu kubwa, iko mikononi mwa watafiti.

Upo mpaka mwingine ambao sisi Waafrika hatuna ruhusa ya kuunyamazia. Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa hospitali za Marekani kuhusu kibanio cha oksijeni cha kidoleni. Miongoni mwa wagonjwa Weusi ambao kifaa kilisema wako salama, asilimia 11.7 walikuwa na upungufu hatari wa oksijeni ulioonekana kwenye damu yenyewe. Kwa Wazungu ilikuwa asilimia 3.6. Rangi ya ngozi ilikuwa ikiingilia mwanga, na waliokirekebisha kifaa hawakuwa wametazama ngozi za kutosha zinazofanana na zetu.

Kamera inayolitazama ini lenyewe haipiti kwenye ngozi, na hilo ni jema. Lakini kibanio kinachosoma ICG kidoleni kinapita. Kwa hiyo vifaa hivi vikija kwetu, na vitakuja, swali la kwanza la hospitali zetu liwe: vilipimwa kwa nani? Kipimo kisichomjua mtu hakiwezi kumtabiria afya.

Kwetu

Saratani ya ini si ugonjwa wa kusoma habari zake kutoka Tokyo. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa nchi tisa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo. Nje ya Misri, nusu ya wagonjwa waligundulika wakiwa na umri usiozidi miaka 46. Nchini Misri umri huo ulikuwa 58. Ni watu wenye watoto shuleni na wazazi wanaowategemea. Na nje ya Misri, waliopata tiba yoyote inayolenga uvimbe walikuwa wachache mno. Wengi walifika akiba ikiwa imeshaliwa.

Wanaoila tunawajua. Homa ya ini aina ya B huambukizwa zaidi utotoni na kukaa kimya miaka thelathini. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa mbichi. Mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, nchini Kenya, sumu hiyo iliugusa umma kwa namna isiyosahaulika: wagonjwa 317, vifo 125. Hao walikula nyingi kwa mkupuo. Wanaokula kidogo kidogo kila siku hawatangazwi, ila ini lao linahesabu. Na pembezoni mwa Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo huacha makovu kwenye mishipa ileile inayoleta damu kwenye ini.

Nimeitazama kwa muda mrefu ile kanuni ya Tokyo, na kinachonigusa ni mpangilio wake. Mwanga uko kwenye swali la tatu. Swali la kwanza, la maji tumboni, hujibiwa kwa mikono ya daktari na ultrasaundi ya kawaida. La pili, la bilirubini, hujibiwa na maabara ya hospitali ya mkoa au kaunti. Hata ICG, kabla ya vibanio na kamera, ilikuwa ikipimwa kwa kutoa damu baada ya dakika 15 na kuisoma rangi yake. Nidhamu ya kuuliza kinachobaki haikusubiri mashine, na kwetu haina sababu ya kuzisubiri. Mashine zikifika, zitamkuta daktari anayejua anataka kuziuliza nini.

Kuna swali lililo mbele hata ya hayo matatu, nalo haliulizwi hospitali kubwa. Je, mtoto alichanjwa dhidi ya homa ya ini B ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri? Mahindi yalikauka kabla ya kuingia ghalani? Mjomba aliyeambiwa ana virusi hivyo ameanza dawa, au amekwenda kwa mganga? Akiba ya ini huwekwa hapo, sarafu kwa sarafu, miaka mingi kabla ya kisu. Kamera bora kuliko zote itapima kilichowekwa. Haitaongeza.

Lakini kwa yule ambaye siku yake imefika, aliyelala chini ya dawa ya usingizi huku ndugu zake wakiwa kwenye benchi la nje, dakika zile za nusu giza zina thamani isiyosemeka. Taa zimepunguzwa. Rangi imeingia mkononi na iko njiani. Daktari, muuguzi na mtaalamu wa usingizi wametuliza mikono yao, wote wakitazama kioo, wakingoja kipande cha ini kianze kung'aa na kusema kama kinaweza kumbeba mwenyewe. Kisu kinasubiri jibu. Ni ile hekima ya jikoni, iliyosemwa na mtu ambaye hakuwahi kuiona kamera: taratibu hapo.